Rejea Kwenye Makaburi ya Wadachi

Wiki jana tulimwacha Dadi juu ya ukuta wa makaburi ya Wadachi, wale Wajerumani wa zamani, Bagamoyo, kiatu kimoja mguuni, kingine ubavuni, na karatasi mbili mapajani. Yuko pale pale. Hata angetaka kuondoka, malengelenge ya miguu yasingemruhusu.

Karatasi ya kwanza ni ratiba ya matembezi, waliyogawiwa yeye na wanafunzi wenzake asubuhi wakishuka kwenye lori. Ya pili ni barua isiyo na jina la mwandishi, ile iliyomfikia Dar es Salaam miezi mitatu iliyopita kasoro siku mbili. Barua ilimwambia kwamba mkewe Ashatu, aliyeondoka kwake Dar es Salaam wiki tatu kabla ya hapo kwenda Bagamoyo kumuuguza mama yake, anaingiza mwanamume nyumbani. "Tangu tarehe 7 ya mwezi huu," ilisema.

Na ratiba inasema: "Saa 7, chakula."

Saba zote mbili zimefungwa mkanda. Kijistari kimepita katikati ya tumbo, kama walivyofundishwa watoto wa shule enzi za Mdachi. Leo ni mwaka 1952. Nani bado anaandika saba ya namna ile? Dadi ametoka Mombasa akakaa Dar es Salaam miezi tisa akijifunza kuchora ramani. Kazi yake ni kutazama mistari, na mistari ile ilitoka kwenye mkono mmoja.

Mwenye mkono alikuwa hatua kumi kutoka pale, ameegemea mwavuli, anawasomea wageni mawe ya makaburi.

"Huyu alikufa kwa homa, umri wake miaka ishirini na mitatu," alisema Bwana Muhidini, kiongozi wa matembezi. "Na huyu wa pili, ishirini na sita. Njooni mumwone wa tatu."

"Wa tatu naye amekufa?" aliuliza mmoja wa wale Waganda wawili, aliyekwisha kuketi chini kivulini.

Hakuna aliyecheka. Wanafunzi walikuwa wanne: Waganda wawili, Mnyasa mmoja wa Nyasaland na Dadi. Mafunzo yamekwisha, na hii ndiyo zawadi yao ya kuagwa, siku moja ya kutembezwa Bagamoyo kabla ya kila mtu kurudi kwao. Zawadi gani hiyo. Asubuhi lori lilikwama mchangani pale mji unapoanzia, wakalisukuma nusu saa nzima. Halafu magofu ya Kaole, kila nguzo na maelezo yake. Halafu misheni, boma, na mahali misafara ilipokuwa ikipumzika, na Bwana Muhidini haruki hata tofali. Mnyasa alikuwa amelala macho wazi.

Dadi hakuwa amelala. Alikuwa anaona haya peke yake.

Kosa lake nitalieleza kwa ufupi, maana hata mimi limenichosha. Alipoisoma barua ile hakungoja kuche. Alichukua kalamu ya ofisi, akamwandikia Ashatu talaka moja, akaitia posta kabla haijafungwa. Tangu siku ile hakupata jibu, naye akaufanya ukimya ule kuwa ushahidi. Hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi. Sasa Dadi amemwona huyo mvuvi aliyemtungia uongo, ana mwavuli na kanzu iliyopigwa pasi.

Alishuka ukutani, viatu mkononi, akaenda kwa Majaliwa, dereva wa lori, mtu wa Msata, ambaye siku nzima alikuwa anatafuta namna ya kulala chini ya gari lake.

"Ndugu yangu Majaliwa," alisema, "mtu akimwacha mkewe talaka moja, anaweza kumrejea mpaka lini?"

Majaliwa alifungua jicho moja. "Mpaka eda iishe. Umemwacha nani?"

"Ashatu. Yuko hapa hapa mjini, mtaa wa Dunda. Miezi mitatu inatimia kesho kutwa."

"Kwa kalenda ya wapi?"

"Ya ofisini."

"Eda haiendi na kalenda ya ofisini, bwana. Zinahesabiwa twahara zake, hedhi kwa hedhi, na mwenye hesabu ni yeye. Huenda bado, huenda imekwisha wiki jana." Majaliwa akatoka chini ya lori, akakung'uta mchanga. "Kama unamtaka, mrejee sasa hivi. Neno lako tu linatosha. Lakini weka mashahidi wawili, watu wasije wakakubishia."

"Wewe mmoja."

"Mimi mmoja. Na wa pili?"

Wakatazamana. Waganda wote wawili ni watu wa kanisani, na asubuhi misheni walipiga magoti. Mnyasa naye vivyo hivyo. Mwislamu mwanamume aliyebaki pale makaburini alikuwa mmoja tu, na wakati ule alikuwa anafuta vumbi kwenye jiwe la Mdachi wa nne.

"Yule?" alisema Majaliwa.

"Yule."

"Haya. Masikio hayana kope."

Msomaji wangu, nimeona watu wakirejea wake zao msikitini, barazani, hata sokoni. Makaburini kwa Wadachi sijapata kuona. Dadi alisimama pekupeku mbele ya kiongozi wake, miguu imevimba, tai ya ofisi imekaa kando, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ufukweni:

"Bwana Muhidini, na wewe Majaliwa, shuhudieni. Nimemrejea mke wangu Ashatu binti Mwinyijuma katika ndoa yangu."

Bwana Muhidini hakugeuka mara moja. Alimaliza kwanza kufuta jiwe.

"Sikusikia vizuri," alisema.

"Mwambie tena," alisema Majaliwa.

"Nimemrejea mke wangu Ashatu binti Mwinyijuma."

"Mimi nimesikia," alisema yule Mganda kutoka kivulini. "Hata hawa waliokufa wamesikia."

Bwana Muhidini akakunja mwavuli polepole. Ni mtu wa miaka hamsini kasoro, anayewaandikia wenyeji barua na kuwasomea zinazokuja, na hajawahi kuonekana ana haraka.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Eda ya binti yule imekwisha tangu Jumatatu. Na posa yangu iko kwa mjomba wake. Sikutaka kukuharibia matembezi yako."

Dadi akamnyooshea zile karatasi mbili. "Hii saba, Bwana Muhidini. Na hii."

Bwana Muhidini akatazama, hata rangi haikumbadilika. "Shule ya Mdachi tulisoma watoto wengi, Dadi."

"Wengi wao ndio hao," alisema Majaliwa, akaelekeza kidevu upande wa makaburi ya mjini. "Twende tukamwulize mwenyewe. Eda ni yake."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Lori lilipaswa kuondoka saa kumi, maana barabara ya Dar es Salaam yataka saa tatu au nne, na saa mbili usiku kulikuwa na chai ya kuwaaga wanafunzi. Kwenye chai hiyo ndipo bwana mkubwa angegawa vyeti, na asiyekuwapo hana cheti. Alfajiri meli ya Mombasa inang'oa nanga. Kazi ya Dadi Mombasa ilikuwa inangojea cheti hicho, na bila cheti ataanza tena kuwabebea wapimaji ardhi minyororo yao ya kupimia kama zamani. Haya yote aliyajua. Alipanda lori hivyo hivyo.

Majaliwa alisimamisha gari mwanzo wa uchochoro. "Honi ya kwanza jiandae, ya pili toka, ya tatu nimeondoka," alisema. "Usinilaumu."

Bwana Muhidini aliongoza njia. Ile nyumba aliijua kuliko mkwe mwenyewe.

"Hodi."

"Karibu," ilijibu sauti ya Bi Mgeni, mama yake Ashatu, kutoka kitanda cha kamba kilichowekwa ukumbini. Aliteleza kisimani akiteka maji, nyonga ikavunjika, na tangu hapo dunia yake ni kitanda kile.

Dadi akaviacha viatu kizingitini. "Shikamoo, mama."

Bi Mgeni alimtazama usoni, akashuka mpaka miguuni. Aliichelewesha ile marahaba mpaka Dadi akaanza kutokwa na jasho jipya.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Umetembezwa, naona."

"Nimetembezwa, mama."

"Keti."

Wakaketi kwenye mkeka, Dadi upande huu, Bwana Muhidini karibu na mlango, mwavuli juu ya magoti. Mbele yao pazia la chumba lilikuwa limeshuka mpaka chini. Nyuma ya pazia mtu alikuwa anapepeta mchele. Kupepeta kukakoma.

"Ashatu," alisema Dadi. "Ni mimi."

"Najua. Nimekujua kwa kikohozi tangu uko nje."

"Nimekurejea. Mashahidi ni wawili, na mmoja wao ni huyu Bwana Muhidini."

Pazia halikutikisika. Honi ya kwanza ikalia huko nje.

"Binti yangu," alisema Bwana Muhidini, kwa sauti ile ile ya kusomea makaburi, "mwambie tu kwamba eda imekwisha, tusiwacheleweshe wageni."

"Nani kakwambia imekwisha?"

"Nimehesabu."

"Umehesabu nini, Bwana Muhidini? Siku zangu unazijua wewe?"

Bi Mgeni akakohoa kitandani, na kukohoa kule kulikuwa karibu sana na kucheka. Bwana Muhidini akatazama mpini wa mwavuli wake.

"Ningetaka, ningesema imekwisha," Ashatu aliendelea. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyenyanyua mgonjwa, akafua, akapika, akanyanyua mgonjwa tena. "Ningesema hivyo, na hakuna kadhi ambaye angenibishia. Siku tatu hizi nimelifikiria sana neno hilo. Lakini uongo nao unataka nguvu. Eda yangu haijaisha."

Dadi akafumba macho. "Alhamdulillahi."

"Ngoja. Haijaisha, wala haitaisha mwezi huu wala ujao. Eda ya mwenye mimba huisha akijifungua. Mimba hii ina miezi minne."

Kuku aliingia, akatazama, akatoka.

"Ndiyo maana vitunguu vinakushinda," alisema Bi Mgeni taratibu. "Nami nalala hapa nadhani ni huzuni."

Dadi alitaka kufurahi. Nasema alitaka, maana furaha ilikuja na aibu imeshikana nayo mkono, na aibu ndiyo iliyokuwa na nguvu. Kumbe mbio zote zile, kupiga makelele makaburini, kuhesabu siku kwa vidole ndani ya lori, na eda ilikuwa na miezi mitano mbele yake. Kumbe aliyemwandikia talaka alikuwa amembebea mtoto. Alihisi uchovu wa miezi tisa umemkalia mabegani kwa pamoja.

"Mbona hukunijibu?" aliuliza. "Ungeniandikia, ningekuja siku ile ile."

"Nilikuandikia. Barua tatu."

"Sikupata hata moja."

"La mimba sikulitia. Ningemwambiaje mwanamume wa watu amwandikie mume wangu habari ya tumbo langu? Nilisema uje tu, kuna neno. Mara tatu nimesema uje. Na kila mara alinisomea alichoandika, nikaridhika, akaondoka nayo kwenda posta."

"Nani alikuandikia?"

Alipouliza tu, alijua. Aligeuka kuelekea mlangoni. Mahali pa Bwana Muhidini kwenye mkeka palikuwa patupu, na mwavuli haupo. Yule mtu asiyekuwa na haraka alikuwa ameondoka bila hata mkeka kulia.

Honi ya pili ikalia.

"Mwache," alisema Ashatu. "Ya kwake yatamfika. Sasa nisikilize mimi, maana naona una honi moja imebaki. Meli ni lini?"

"Alfajiri."

"Na cheti?"

"Leo usiku, Dar es Salaam. Nisipokuwapo, hakuna. Na bila cheti kazi ya Mombasa hakuna."

"Nakuelewa. Na mimi leo sipandi lori. Mama hawezi kusimama, na nikimwacha hana wa kumpa maji. Lakini sikuombi kitu, Dadi. Umenirejea, mimi ni mkeo, hilo limekwisha. Ukienda, nenda, nitakungoja kama wanavyongoja wenzangu. Ila nimechoka kuwa mke wa barua. Barua ya mtu imeniachisha, na barua zangu zimeliwa njiani. Leo nataka unijibu kwa mdomo wako, hapa, nikisikia. Unakwenda, au unabaki?"

Dadi akafungua mdomo.

Naapa najua kilichokuwa kwenye ulimi wake wakati ule, lakini sitakisema, maana yeye mwenyewe hakuwahi kukisema. Honi ililia. Haikulia kama honi ya kuita. Ilikuwa ndefu, ya shangwe, ya kupandisha na kushusha, kama malori yanayoleta bibi harusi. Halafu injini ikanguruma, ikapungua, ikaendelea kupungua.

Dadi alitoka mbio mpaka mwanzo wa uchochoro, pekupeku. Palikuwa na vumbi na alama za magurudumu. Bwana Muhidini alikuwa amesimama kwenye kona, mwavuli ameufungua, uso umetulia.

"Nimekurahisishia," alisema. "Nimemwambia dereva umebaki kwa mkeo. Hakuniuliza hata swali. Alisema mwanamume aliyerejea mke hawezi kumkimbia siku ile ile, na kwamba hata nisingemwambia angejua. Amefurahi sana. Amekupigia honi ya harusi. Mimi nimekosa mke, wewe umekosa cheti."

Kweli. Majaliwa wa watu, aliyeshuhudia rejea kwa masikio yake, angefikiri nini kingine? Ni ustaarabu wake ndio uliomwendesha.

Dadi alikunja ngumi, akaiangalia, akaikunjua. Kumpiga mtu nako ni kazi, na kazi aliyofanya siku ile ilikuwa imetosha. Akarudi ndani.

"Lori limekwenda," alisema.

"Nimesikia."

"Nilikuwa nataka kukwambia nabaki."

Ashatu alipojibu, aliongea taratibu kabisa.

"Huenda. Huenda kweli ulikuwa unataka kusema hivyo. Lakini unalisema lori likiwa limekwisha kwenda. Nitajuaje, Dadi? Aliyebaki na aliyeachwa na lori, wote wamekaa kwenye mkeka ule ule. Mtoto huyu atakua, siku moja tutagombana, kama watu wanavyogombana. Utaniambia ulipoteza cheti kwa ajili yangu, na mimi nitakwambia kilichokupotezea ni Muhidini. Hatutakuwa na mtu wa kutuamua."

Dadi alikaa, akatazama nyayo zake zilivyoacha alama za damu kwenye sakafu, akaona aibu kwa hilo pia.

Ndipo Bi Mgeni aliponyanyua mkono kitandani. "Nyamazeni."

Wakanyamaza. Mbali, upande wa njia ya Dar es Salaam, pale mji unapokwishia, injini ilikuwa inalia kwa uchungu, inakazana, inalegea, inakazana tena. Halafu zikasikika sauti za wanaume wakiitikiana kusukuma, na ya Mganda ikiwa juu ya zote.

"Limekwama," alisema Bi Mgeni. "Pale pale pa asubuhi. Gari zote hukwama pale."

"Asubuhi mlilisukuma muda gani?" aliuliza Ashatu.

"Nusu saa," alisema Dadi.

Pazia likafunguka kidogo. Alimwona uso kwa mara ya kwanza tangu aondoke Dar es Salaam, umepungua, macho yameingia ndani, mkono mmoja uko juu ya tumbo. Hakutabasamu.

"Basi lori halijakwenda," alisema. "Una nusu saa, na njia unaijua. Sasa ukibaki, nitajua umebaki. Na ukienda, nitajua umekwenda. Sitakuuliza tena."

Pazia likashuka, na kupepeta mchele kukaanza upya.

Dadi aliinuka. Viatu vyake vilikuwa kizingitini alipoviacha, ncha zake zimeelekea nje, uchochoroni. Huko mbali wanaume waliitikiana tena, injini ikapanda sauti. Akainama, akaokota kimoja.